Kidonge Hakipunguzwi

Watu walimwita Tepu, kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata wakati wa kula. Alikuwa fundi wa sare. Mkewe, Mama Vifungo, alikaa kando yake akitoboa matundu na kushona vifungo. Kazi haikuisha. Wakimaliza sare hizi, zinaletwa nyingine.

Asubuhi hiyo Tepu alikaa kwenye cherehani akiwa amechoka kabla hata ya kuanza. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni.

"Mama, nitungie," alisema kwa sauti ya chini.

Mama Vifungo alimtungia bila kumtazama usoni. Aliogopa. Fundi asiyeona tundu la sindano atakula nini?

Tepu alikuwa na kisukari. Daktari alimpa vidonge akamwambia ameze kimoja kila siku, pamoja na chakula cha jioni. Lakini vilikuwa vikubwa, vya kutisha koo. Tepu hakuumiza kichwa. Maisha yake yote, kitu kikizidi alikipunguza. Alichukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, akakata kidonge vipande vipande. Akavimeza alfajiri, kabla ya kula, ili shughuli hiyo iishe mapema.

Tumbo halikumpa nafasi. Kila mara aliacha cherehani akakimbilia chooni. Siku nyingine aliruka dawa ili apumzike, kisha kesho yake akameza mbili kufidia, kama anavyofidia kazi za wateja zilizochelewa.

Siku hiyo alirudi kutoka chooni, akaketi kwa kishindo.

"Nimechoka, mama. Dawa hizi naziacha leo."

Sindano ya Mama Vifungo ilisimama.

"Na macho je?"

"Macho yenyewe ndiyo haya. Dawa imenisaidia nini?"

Kabla hajajibiwa, mteja alipiga hodi. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani, amekuja kujaribu gauni lake la kazi. Aliona mkasi mezani na unga mweupe juu ya kitambaa.

"Fundi, siku hizi chaki unaikata kwa mkasi?"

"Si chaki, sista. Ni dawa yangu ya sukari. Naikata, naimeza alfajiri kabla ya kula, ila tumbo halinipi nafasi."

Muuguzi aliacha habari za gauni. Akaomba aone boksi, akalisoma taratibu.

"Mzee wangu, kidonge hiki kimetengenezwa kitoe dawa kidogo kidogo. Kinamezwa kizima. Hakikatwi, hakitafunwi, hakisagwi. Ukikikata, dawa inaweza kutoka kwa mpigo mmoja, tena wewe hujala. Tumbo lisilalamike kwa nini?"

"Lakini ni kikubwa, sista. Mimi nilikipunguza tu."

"Haya, niambie. Mtu akichukua koti ulilokwisha kulimaliza, akalikata vipande, amelipunguza?"

"Ameliharibu," alisema Tepu. Akautazama unga uliobaki kwenye kitambaa. Aliona haya.

Mama Vifungo aliona ndiyo nafasi yake. "Sista, akisahau humeza viwili."

"Na wewe nawe, umenisemea," Tepu alinung'unika.

"Kachelewa kukusemea," muuguzi alijibu. "Ukisahau, na muda wa kingine umekaribia, kile kilichopita kiache. Usimeze viwili kufidia. Na usiache dawa kwa uamuzi wako. Ikikusumbua, mwambie daktari. Yeye ndiye atakayepima na kubadilisha. Koo likikataa kabisa, pia sema, maana zipo dawa za namna nyingine. Na ukitapika au ukaharisha mpaka chakula hakishuki, usijifungie nyumbani. Njoo zahanati siku hiyo hiyo."

"Basi nikameze kimoja sasa hivi?"

"Hapana. Leo ulishameza. Twende kwanza kwa daktari. Gauni litasubiri."

Walikwenda wote watatu. Sukari ilikuwa juu, na ndiyo iliyokuwa ikimtia ukungu machoni. Daktari alimsikiliza Tepu, akamwambia aendelee na dawa ile ile, ila ameze kidonge kizima, pamoja na chakula cha jioni, kwa maji ya kutosha. Akampangia siku ya kurudi apimwe tena.

Kesho yake jioni Tepu alikitumbulia macho kidonge. Mama Vifungo alikuwa ameuficha mkasi. Tepu akala, akanywa maji, akameza. Kikapita.

Tumbo halikutulia mara moja, lakini lilitulia. Aliporudi kupimwa, sukari ilikuwa imeshuka. Daktari alimpongeza, akamkumbusha kuwa kushuka kwa sukari si sababu ya kuacha dawa.

Kazi nayo haikupungua. Asubuhi moja Mama Vifungo alimwona Tepu akiinama juu ya sindano. Kwa mazoea akanyoosha mkono.

"Lete nikutungie."

"Ngoja kwanza," alisema Tepu.

Uzi ulipita. Wote wawili waliutazama ukining'inia upande wa pili.

"Umechoka?" Mama Vifungo aliuliza.

"Nimechoka sana," alijibu Tepu, akikanyaga cherehani. "Lakini leo ni kazi iliyonichosha."