Kifua cha Ghadeer

Zamani Ghadeer ndiye aliyekuwa akimwamsha bibi yake. Msimu huo wa vumbi mambo yaligeuka: Bibi Ghaniya ndiye aliyemwamsha mjukuu, na kumwamsha kwenyewe kulikuwa kazi. Msichana aliinuka kwa kujikokota, akatawadha, akasali, akanywa chai na mkate wa kumimina uliobaki jana, kisha akakaa barazani kusubiri basi la skuli huku macho yakijifumba yenyewe. Ng'ambo ya njia, mafundi wa gereji za Firq, pembeni mwa mji wa Nizwa, walikuwa wameshaanza kugonga mabati na vumbi lilikuwa linaruka.

"Umekohoa mpaka alfajiri," Bibi alisema. "Nikutengenezee asali na habasoda?"

"Mafua tu, Bibi. Yatapita."

Hayakuwa mafua. Pumu aliyougua utotoni ilikuwa imerudi. Mama yake, Bi Hajar, aliamini ugonjwa ule umekwisha zamani. Alikuwa mwalimu, amehamishiwa skuli ya Ibra, na akirudi nyumbani Jumatano jioni tu, kwani mapumziko ya wiki siku zile yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, na Ghadeer alijibana kwa kila hali asikohoe mbele yake. Baba naye alikuwa kwenye biashara zake Dar es Salaam. Basi mtoto alijitesa hivyo kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya Malta, jamani.

Mjomba wake, Shihab, alikuwa mhandisi kwenye visima vya mafuta jangwani. Miaka nenda miaka rudi hakuchukua likizo, mpaka uso ukawa kama ndimu iliyokamuliwa. Mwaka huo aliapa kwamba kiangazi kikifika atakwenda Malta, kisiwa cha Bahari ya Mediterania, akapige mbizi na mtungi wa hewa mgongoni. Chini ya maji watu hushuka wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenziwe. Shihab alimchagua mpwa wake Ghadeer, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na akijua kuogelea kama samaki. Tangu siku hiyo Ghadeer hakuota kitu kingine.

Lakini kuipanga safari kulichosha kuliko kazi. Kila mwisho wa wiki Shihab alitandika ramani juu ya mkeka: ndege ipi, viza lini, hoteli gani yenye chakula cha halali. Alipata jibu moja, yakazuka maswali matatu. Bibi Ghaniya alimsikiliza huku akichagua mchele.

"Kwani bahari yetu ya Sur imekauka?" aliuliza.

"Kule maji maangavu, Mama. Kuna mapango, kuna meli zilizozama, unaingia ndani."

"Meli iliyozama waifuata nini ndani? Waliokuwamo walikuwa wakitafuta pa kutokea."

Shihab alicheka kwa uchovu, akasugua macho. "Na huyu mwenzangu mzima? Hana tatizo lolote?"

"Mzima," alijibu Bibi, ambaye hakuyaamini yale mafua, "ila ana kifua."

Shihab alizaliwa Nizwa kwenye Kiarabu, si pwani ya Waswahili kama mama yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, chenye matundu hapa na pale. Alisita kidogo. Kifua alikijua, kila mtu anacho, lakini aliona haya kumuuliza mama yake maana, akakisia ni kifua chenye pumzi nyingi. "Basi kifua ndicho tunachokitaka," alisema, akarudi kwenye ramani yake.

Bibi alishangaa, kisha akaridhika. Alikuwa amewaona wagonjwa wa pumu hospitalini wakivutishwa hewa ya mtungi, akadhani mtungi wa Shihab nao ni dawa. Ghadeer, aliyelelewa na bibi yake, alielewa kwamba mtu akisemwa ana kifua, ana pumu. Aliona wazi kuwa mjomba hakuelewa. Neno moja tu lingetosha. Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Alhamisi iliyofuata walikwenda Maskati kwa zoezi la kwanza, kwenye bwawa la kuogelea. Mwalimu wao, Bi Alaa, aliuliza kwa Kiarabu kama kuna mwenye maradhi ya kifua. Kabla Ghadeer hajafumbua mdomo, Shihab alishajibu kuwa mtoto huyu kifua chake cha nguvu, bibi yake mwenyewe kasema. Kwa mara ya pili Ghadeer akanyamaza, na safari hii moyo ulimuuma.

Bi Alaa aliendelea kueleza. "Ukiwa chini, hewa unayovuta imebanwa. Ukipanda juu, inatanuka. Mwenye pumu njia zake za hewa zinaweza kuziba, hewa ikakosa pa kutokea, mapafu yakapasuka. Hapo mwenziwe humrukia kumwokoa, na pengine huangamia naye."

Walianza kwa kuogelea bila mitungi. Ghadeer hakufika mbali. Kifua kilimbana, akashika ukingo akihema.

"Umechoka, mama," Shihab alimwambia kwa upole. "Hata mimi nimechoka. Yalla, turudi nyumbani."

Wakashika njia ya kurudi Nizwa. Walipofika Izki, Shihab alisimamisha gari kunywa chai. Ghadeer aliishika bilauri bila kuinywa. Alikuwa amechoka kukohoa, na zaidi alikuwa amechoka kuficha.

"Mjomba, kile kifua alichosema Bibi si nguvu. Ni pumu. Imerudi. Nilijua hukuelewa, nikanyamaza." Akaanza kulia. "Nilitaka kwenda Malta."

Shihab aliweka chai yake chini. Akamgeukia Ghadeer.

"Kule chini ungekosa pumzi," alisema, "unadhani ningekuacha? Ningebaki na wewe, Ghadeer. Bibi yako angetuzika sote wawili."

Ghadeer hakuwahi kulifikiria hilo. Siku zote aliiona siri kuwa yake peke yake.

Jumamosi Bi Hajar, aliyekwishaambiwa yote, aliomba ruhusa kazini, akampeleka binti yake hospitali. Daktari alimpa dawa ya kuvuta na akakataza kabisa mambo ya mitungi. Nyumbani Shihab aliikunjua ramani tena. Malta wangekwenda, na Bi Hajar pamoja nao. Ghadeer angeelea juu ya maji kama daktari akiridhia, na Shihab angetafuta mwenziwe wa kushuka naye hukohuko. Ghadeer alikubali. Alilia kidogo, maana alikuwa amekitaka sana kile kilichokuwa chini.

Bibi Ghaniya alimvuta karibu yake.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kilio kimetukosa, alhamdulillahi, lakini makosa ni yetu sote. Mjomba wako hakulijua neno akaona haya kuuliza. Miye sikuujua mtungi nikajidanganya ni dawa. Na wewe ulijua yote, ukanyamaza. Asiyejua na aulize, mjukuu wangu, na anayejua na aseme. Ugonjwa wako ukiuficha, wanaokulinda umewafumba macho."

"Nimekosa, Bibi," Ghadeer alisema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nenda kalale, maana wewe na miye hatujalala tangu vumbi lianze."