Gari Lililofunguliwa Mezani

Siku ya soko, watu walifurika Meru mjini hadi vichochoro vya Majengo. Igoki alikuwa ameshika pakiti ya mwisho ya betri dukani kwa Mithika wakati mkono wa mwanamume ulipoishika upande wa pili. Igoki hakuachilia. Alikuwa mwalimu wa fizikia, sketi yake ya buluu imepigwa pasi ikanyooka, na kunyang'anywa hakukuwa desturi yake.

"Madam, redio yako si ingoje kidogo?" mwanamume akasema.

"Si redio. Ni mota ya roboti."

Mkono ukalegea. Mwanamume huyo alikuwa Ndambiri, mwalimu wa Embu mwenye shati jeupe na kicheko cha karibu, aliyepewa kazi ya kuzunguka shule zilizopata masanduku ya roboti, awajulishe wanafunzi vipande vyake. Walikunywa chai pamoja, na baada ya hapo simu ya ofisi ya shule haikupoa. Alimwita mrembo wa betri. Igoki akamwambia watu wa Embu ni maneno tu, lakini kila kengele ya simu ilimpandisha moyo.

Sanduku la shule ya Igoki, lililongoja betri hizo, lilikuwa bado kabatini. Mwalimu mkuu, Bi Cicily, alikuwa amelifungia kama vikombe vya wageni, na wasichana walijua picha ya kifuniko tu. Sasa afisa wa elimu alikuwa anakuja, na uvumi ulisema sanduku lisilotumika lingehamishiwa shule ya wavulana kule Embu, alikofundisha Ndambiri. Igoki aliomba ufunguo, akaunda gari akifuata picha, akaliweka mezani likang'aa. Hilo ndilo lingeokoa sanduku la wasichana wake.

Ndambiri alifika siku moja kabla ya afisa. Igoki aliitwa ofisini kidogo, na aliporudi gari lilikuwa vipande vipande, wasichana wamejazana mezani.

"Hii yenye matundu ndiyo mifupa," Ndambiri alikuwa akisema. "Mota ni misuli. Gia inapokezana nguvu na mwenzake. Na kisanduku hiki ndicho ubongo, bila amri yako hakijui lolote. Shikeni, haviumi."

Igoki alimwita nje.

"Walisema mnalitaka sanduku letu. Nikakutetea. Kumbe umekuja kubomoa."

"Igoki, nilidhani limeletwa hivyo, la mfano. Sikujua ni mikono yako."

"Hukuuliza."

Ndambiri akaondoka kichwa chini, na jioni alipopiga simu Igoki alikataa kuipokea.

Asubuhi afisa, Bwana Muthamia, aliingia darasani na tai yake nyekundu kabla Igoki hajaunga hata gurudumu. Liwalo na liwe. Aliwaambia wasichana waunde wenyewe. Winfred, ambaye kwa kawaida hainui mkono, alichukua gia kubwa akaeleza inapokaa na kwa nini, wenzake wakadaka mihimili yenye matundu, na picha ya kifuniko hakuna aliyeitazama. Gari likaondoka kinyumenyume. Darasa likacheka, Winfred akageuza nyaya za mota, nalo likaenda mbele hadi kwenye kiatu cha afisa.

"Nani amewafundisha?" Bwana Muthamia akauliza.

"Mwalimu Ndambiri alilifungua tukaona ndani," Winfred akajibu. "Madam ndiye aliyetoa sanduku kabatini."

Afisa akasema sanduku litabaki pale. Igoki alifurahi, kisha akamkumbuka Ndambiri na furaha ikamchoma. Alikwenda moja kwa moja ofisini akapiga simu Embu, Bi Cicily akimtazama juu ya miwani huku akijifanya anaandika.

"Sanduku limebaki," alisema. "Wasichana wameunda wenyewe. Nilikudhania vibaya, nisamehe. Lakini hasira bado ninayo."

"Kuwa nayo. Nilipaswa kuuliza kwanza." Ndambiri akasema. "Sasa nauliza. Nikija Meru na wazee wangu, kwenu watatufungulia mlango?"

Bi Cicily aliacha kujifanya anaandika. Igoki alikaa vizuri kitini, akatabasamu kama mtu aliyekuwa na jibu lake siku nyingi.

"Wazee wasubiri. Njoo wewe kwanza, peke yako, umuulize mama. Mimi nimeshakubali."