Filipo na Lango la Ndama

Kila alfajiri, kabla jua halijagusa vilima vya Miyuji, Filipo aliondoa magogo yaliyoziba mlango wa zizi na kuwatoa ng'ombe wa nyumba yao. Siku tatu za juma alimwachia jirani ng'ombe hao akaenda shule ya misheni, na siku nyingine aliwachunga mwenyewe. Jioni aliwarudisha, akasimama kwenye lango la kizimba cha ndama wakati mama yake akikamua. Kazi yake ilikuwa kumtoa ndama mmoja mmoja, kila ndama kwa mama yake, na kuwazuia wengine wasitoke. Ni kazi rahisi kuisema. Lakini ndama wanane wenye njaa hawana adabu hata kidogo.

Wakati huo Wajerumani ndio waliokuwa wakitawala, na reli yao ilikuwa imefika Dodoma mwaka uliotangulia. Baba yake Filipo alikuwa amekwenda na kundi la watu waliokuwa wakilaza vyuma kuelekea Tabora. Nyumbani walibaki Filipo, mwenye miaka kumi na miwili, mdogo wake wa kike Anyesi, wa miaka kumi, mama yao, na bibi yao aliyekuwa kipofu. Bibi alitembea akiwa ameshika ncha moja ya fimbo, na Anyesi akashika ncha ya pili.

Mavuno yakiisha, watoto wa Miyuji walikuwa na jambo moja tu vichwani mwao, nalo ni mpira wa magongo. Kila timu ilikuwa na wachezaji saba, kila mmoja na gongo lake lililopinda mwishoni. Mpira ulichongwa kwa mzizi wa mgunga na kuvishwa ngozi ya ng'ombe. Lango lilikuwa mawe mawili, hatua nne kati yake. Mwaka ule Miyuji walikubaliana na watoto wa Chang'ombe wacheze mara sita kabla ya mvua za kwanza. Wengi wa wale watoto wa Chang'ombe walikuwa wana wa wafanyabiashara waliotoka Kondoa, na nahodha wao, Athuman, alipiga mpira kwa nguvu za kutisha.

Mlinda lango wa Miyuji alikuwa Filipo. Mwaka uliopita alisifiwa mpaka na wazee. Mwaka huu mambo yalikuwa mengine kabisa. Mchezo wa kwanza alifungwa mara nne. Wa pili mara tano. Watoto wa Chang'ombe wakatunga wimbo: "Miyuji wana lango, mlango hawana!" Waliuimba njia nzima wakirudi kwao.

Filipo alijua sababu, lakini hakumwambia mtu. Macho yake yalikuwa yakiwasha tangu siku za kuvuna. Asubuhi kope zilishikamana, mchana yalitoka machozi, na jua la jioni lilimchoma kama pilipili. Mpira ukiwa mbali aliona vumbi tu. Ulipofika karibu aliuona, lakini ulikuwa umeshampita. Angesema, angenyang'anywa lango, na pengine ng'ombe pia. Lakini kilichomtisha zaidi ni ile fimbo ya Bibi yenye ncha mbili. Kila alipoitazama, alijiona yeye ndiye aliyeshika ncha ya kuongozwa.

Baada ya mchezo wa tatu, ambao walifungwa tena mara nne, Kefa, nahodha wa Miyuji, aliwaketisha wenzake chini. Kefa alikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe.

"Tumebakiza michezo mitatu," alisema. "Tukiendelea hivi tutazomewa mpaka mwakani. Filipo, una nini wewe?"

Wote wakamgeukia. Filipo alifuta macho kwa kile kitambaa walichotumia timu nzima kufutia jasho, akampa aliyekaa karibu naye.

"Ni Matonya," alisema. "Anasimama mbele yangu. Ananiziba, sioni mpira."

Matonya, mlinzi wa nyuma, aliinua kichwa. "Mimi? Nakuziba lini?"

"Kila mara."

Miyuji walikuwa na desturi yao. Gongo la anayeshtakiwa huwekwa chini katikati, na kila anayetaka atolewe hulaza gongo lake juu yake. Kefa aliweka gongo la Matonya chini. Akalaza lake. Wengine wakafuata. Filipo naye akalaza la kwake. Matonya hakubishana. Alivuta gongo lake kutoka chini ya rundo lile, akalipangusa vumbi, akaenda zake.

Nafasi yake alipewa mtoto mwingine. Usiku ule Filipo hakula vizuri. Mama alimuuliza kama tumbo linamuuma, akasema ndiyo. Huo ukawa uongo wa pili, na kama tunavyojua, uongo haupendi kukaa peke yake.

Siku mbili baadaye, jioni, mama alichuchumaa pembeni ya ng'ombe aitwaye Madoa, kibuyu cha maziwa mapajani. Bibi alikuwa ameketi karibu na ukuta wa nyumba yao ya tembe akipepeta ulezi kwa mikono iliyozoea. Filipo alifungua lango la kizimba, akainama, akatoa ndama mmoja na kumsukuma kwa Madoa.

Madoa alimnusa yule ndama. Papo hapo akarusha teke. Mama alianguka chali, kibuyu kikapinduka, na maziwa yote yakanywewa na mavumbi.

"Filipo!" Bibi aliita kabla mama hajasema neno. "Ndama gani huyo uliyemtoa?"

"Wa Madoa, Bibi."

"Wa Madoa analia huko kizimbani, namsikia. Huyo uliyemtoa ni wa Kijivu. Mimi nisiye na macho nimemjua kwa sauti. Wewe mwenye macho mawili umekosaje?"

Filipo alimvuta yule ndama akamrudisha kizimbani. Mtoto wa Kigogo anaweza kusahau jina la shangazi yake, lakini hakosei ndama wa kwao.

"Njoo hapa, mume wangu," Bibi alisema. Ndivyo alivyozoea kumtania. Lakini safari hii hakuwa akicheka.

Filipo alipiga magoti mbele yake. Bibi alipitisha vidole juu ya kope zake, taratibu, akagusa utongo uliokauka na machozi yaliyokuwa yakitiririka. Vidole vikasimama.

"Tangu lini?"

"Ni vumbi tu, Bibi."

"Hata mimi nilisema ni vumbi," Bibi alijibu. "Nilikuwa mwali, ndio kwanza nimechumbiwa. Niliogopa kwamba babu yako akisikia nina ugonjwa wa macho atakwenda kuoa kwingine. Nikaficha. Nikafunga ndoa, ndiyo, na nikazaa. Lakini mama yako huyu mke wa mwanangu sijapata kuiona sura yake. Wewe na Anyesi nawajua kwa vidole. Mficha maradhi, kilio humfichua, mjukuu wangu. Mimi kilio kilinifichua nikiwa nimeshachelewa."

Filipo alilia kwa sauti, kama mtoto mdogo. Akasema yote: macho, mpira asiouona, hofu ya fimbo, mpaka habari ya Matonya. Aliposema habari ya Matonya ndipo alipolia zaidi.

"Basi una vidonda viwili," Bibi alisema. "Cha macho kitatibiwa na Mwalimu wa misheni. Hicho kingine dawa yake unayo mwenyewe."

Asubuhi mama alimpeleka kwa Mwalimu Bartolomayo, aliyefundisha kusoma na pia alitunza dawa za misheni. Mwalimu alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi. Alizigeuza kope za Filipo, akatazama ndani.

"Ni vikope," alisema. "Lakini mmewahi. Dawa itauma sana, sikufichi."

Alichukua kipande cha jiwe la rangi ya buluu liitwalo mrututu, akakipitisha ndani ya kope. Filipo aliruka kama aliyeumwa na nge. Mama alimshika mabega mpaka ikaisha.

"Utakuja kila baada ya siku moja," Mwalimu alisema. "Uso unawe asubuhi, mchana na jioni, nzi wasipate cha kufuata. Na vumbi la lango uliache mpaka nikuruhusu mimi. Sasa niambie, umechangia kitambaa na nani?"

Filipo aliinamisha kichwa. "Na timu nzima, Mwalimu."

Mwalimu aliwaita wachezaji wote. Alikuta wawili wameanza kuwashwa, na mmoja wao alikuwa Kefa. Kile kitambaa alikichoma moto mbele yao.

"Tunawe mara tatu kwa maji gani, Mwalimu?" Kefa aliuliza. "Mama zetu wanachimba mchangani mtoni nusu siku kupata mtungi mmoja."

Mwalimu alitwaa kibuyu kidogo, akakitoboa tundu chini kwa msumari, akaziba kwa kijiti. Alipochomoa kijiti, maji yalichirizika membamba. Alinawa uso kwa maji yasiyojaa kiganja, akaziba tena. "Kwa haya," alisema.

Kutoka hapo Filipo alikwenda mtoni, akamkuta Matonya ndani ya shimo akichota mchanga kwa mikono.

"Matonya, nilisema uongo. Hukuwa ukiniziba. Macho yangu yanaumwa."

Matonya aliendelea kuchota. "Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua. Utawaambia wao?"

"Nitawaambia."

"Basi tutaonana huko," Matonya alisema, na hakuongeza kitu.

Jioni ile timu ilipokusanyika, Filipo hakungoja kushtakiwa. Aliweka gongo lake chini katikati ya duara. Akaeleza yote, bila kutafuta pa kujificha. Mmoja alimtukana, na kweli Filipo alistahili. Kefa alifuta macho yake mwenyewe yaliyokuwa yakiwasha.

"Matonya arudi nafasi yake ya nyuma," hatimaye Kefa alisema. "Mimi ndiye niliyelaza gongo la kwanza bila kuuliza vizuri. Matonya, tusamehe."

Matonya alitikisa kichwa kukubali. Kisha akainama, akaliokota gongo la Filipo na kumrudishia mkononi.

"Sasa nani alinde lango?" Kefa aliuliza.

"Anyesi," Filipo alisema.

Vijana walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Filipo alingoja wamalize. "Tangu nilipokosea jana, yeye ndiye anayesimama kwenye lango la ndama. Ndama wanane, wote wanasukuma, na hajatoka hata mmoja bila ruhusa. Mimi nilikuwa naponyokwa na wawili kila siku. Mjaribuni, kisha mcheke."

Wakamjaribu. Kila mmoja alipiga mara mbili. Anyesi alikunja magoti, akapanua mikono, akautazama mpira kama anavyomtazama ndama mkorofi. Katika mapigo kumi na mawili, aliruhusu moja tu, na hilo alilipigia kelele kwamba jiwe lilisogezwa. Hakuna aliyecheka tena.

Siku ya mchezo wa nne, Chang'ombe walifika wakiimba wimbo wao. Walikuta Miyuji wamepanga mstari mbele ya Filipo, aliyeshika kibuyu chenye tundu, kila mmoja akinawa uso.

"Mnakwenda harusini?" Athuman aliuliza, na wenzake wakaangua kicheko.

"Tunakuja kwenu kuchumbia," Kefa alijibu, "tayarisheni bibi harusi!"

Mchezo ulikuwa mkali. Filipo aliketi kando na Bibi, macho yakiuma kwa dawa, akimsimulia kile kidogo alichokiona. Mara nyingi Bibi ndiye aliyemsimulia yeye. "Huyo aliyepiga sasa ana nguvu," alisema Bibi, "na huo mlio ni wa gongo la Anyesi. Amezuia." Chang'ombe walitangulia kufunga. Matonya akaunyakua mpira nyuma, akampelekea Kefa, na Kefa akasawazisha. Karibu na mwisho Athuman alipiga pigo lake la kutisha. Anyesi alijitupa mbele ya mpira kwa mapaja yote mawili. Aliinuka akichechemea, mpira ukiwa chini ya mguu wake.

Mchezo uliisha sare, bao moja kwa moja. Miyuji hawakushinda, lakini walibebana mabegani kana kwamba wameshinda. Katikati ya kelele zile Athuman alimjia Filipo polepole, akijikuna jicho kwa mgongo wa mkono.

"Hicho kibuyu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni cha harusi tu, au mtu yeyote anaweza kunawa?"

Filipo alichomoa kijiti. Kisha akamwambia jina la Mwalimu, na akamwambia ukweli kwamba dawa inauma.

Mchezo wa tano Miyuji walishinda. Wa sita walifungwa, tena vibaya, lakini hakuna aliyetafuta wa kumlaumu. Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa mashariki, Mwalimu alizigeuza kope za Filipo kwa mara ya mwisho na kumruhusu arudi kwenye lango la ndama.

Jioni hiyo Bibi aliketi mahali pake karibu na ukuta. "Haya, mume wangu, tuone. Huyo wa kwanza ni wa nani?"

"Wa Madoa, Bibi. Ana baka jeupe sikioni."

"Na huyo?"

"Wa Kijivu."

Giza lilikuwa likiingia zizini. Ndama wa tatu alijitokeza langoni, na Filipo alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu simtambui, Bibi," alisema. "Giza limenizidi. Nisaidie."

Bibi alicheka kwa furaha, cheko ambalo Filipo alikuwa hajalisikia tangu mavuno.

"Sasa ndipo umepona," alisema. "Si siku ile uliposema 'wa Madoa' na huku huoni. Mtu akisema sioni, wapo wa kumshika mkono. Anayejidai anaona huanguka, na huwaangusha wengine. Likumbuke hilo, ukiwa langoni na popote utakapokuwa. Haya, mguse shingoni huyo ndama, alie nimsikie."