Mthamini Aliyeweka Keekee Chini

Asubuhi hiyo Kasuku aliosha vyombo kwa kasi iliyomshangaza hata mama yake. Alifagia uwanja, akawatupia kuku punje za mahindi, akajaza mapipa maji bila kukumbushwa.

"Leo jua limetokea wapi?" mama akacheka.

"Naenda kazini na shangazi!"

Jina la Kasuku alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa mthamini wa mashamba. Kazi yake ilikuwa kukagua shamba na kueleza thamani yake, ili anayeuza asipunjwe na anayenunua asilanguliwe. Kasuku alikuwa amemganda likizo nzima: "Shangazi, lini? Shangazi, kesho?" Hatimaye siku ikafika. Pikipiki ilipong'uruma nje, alitoka mbio kiatu kimoja kikiwa mkononi.

Walipita sokoni, wakavuka daraja, wakaingia njia ya vumbi. Pikipiki iliposimama, Kasuku alikodoa macho. Alilijua shamba lile! Mto ulilizunguka kama mkono unaokumbatia, na upande wa juu kulikuwa na miti mirefu iliyonyooka. Wiki iliyopita baba yake, fundi seremala, alimleta hapo akamwonyesha kwa kidole. "Nataka kulinunua," alimnong'oneza. "Karakana yangu itakaa pale juu chini ya miti. Lakini usimwambie mtu, hata shangazi. Nataka kumshangaza."

Moyo ukamdunda kwa furaha. Kumbe leo shangazi analipima shamba lao! Aliuma midomo, akanyamaza. Kwake haikuwa kazi ndogo.

Mwenye shamba, bibi mmoja mjane, aliwapokea mlangoni. Kasuku akamwamkia, kisha kazi ikaanza. Na ilikuwa kazi tamu! Alishika ncha ya tepu, akaruka vichaka, akapiga kelele, "Imefika!" Shangazi alitoa keekee ya udongo, chuma kirefu chenye meno ya kuzunguka, akampa Kasuku aizungushe. Ilizama polepole, ikatoka na udongo mweusi wenye unyevu. Shangazi akaufinyanga kwa vidole mpaka ukawa kama utepe.

"Ona! Haukatiki ovyo. Huu unatunza maji."

"Shangazi, kwani usingeweza kuangalia tu ukasema bei?"

Shangazi akacheka. "Zamani ndivyo walivyofanya. Mthamini alisimama barabarani, akakunja uso, akataja bei kama mtu anayebashiri mvua. Wengine walikaribishwa chakula kwanza, na bei ikapanda kadiri walivyoshiba. Watu walidhulumika, ndugu wakapelekana mahakamani. Ndipo wathamini wakakaa pamoja wakawekeana kanuni. Ukanyage shamba lote kwa miguu yako. Uchimbe. Ulinganishe na mashamba ya jirani yaliyouzwa karibuni. Ueleze ulivyoifikia bei, ili mwenzako akitaka kukukagua aweze."

"Na ukikosea?"

"Unarudi, unasahihisha. Ukidanganya, unanyang'anywa kibali cha kazi."

Walikuwa wanachimba shimo jingine karibu na mto bibi alipokuja na maji ya kunywa. Alikaa juu ya jiwe, akaangalia shamba lake.

"Mwanangu," alimwambia shangazi, "nahama niishi karibu na binti yangu. Hili shamba ndilo pekee nililobaki nalo, na bei za siku hizi sizijui. Anayetaka kununua sijamwona hata uso, anamtuma dalali. Wewe ndiwe macho yangu. Nakuamini kwa sababu humjui mtu huyo."

"Simjui, mama," shangazi akajibu. "Uwe na amani."

Kasuku alimtazama bibi, akamtazama shangazi aliyerudi kuzungusha keekee kana kwamba hakuna kitu. Akimwambia, siku nzuri kama ile ingeisha pale pale. Baba angekasirika. Pengine shamba lenyewe wangelikosa. Lakini yule bibi ametoka kumwagia shangazi imani yake yote, na imani ile ilisimama juu ya jambo lisilo kweli.

"Shangazi," alisema kwa sauti nyembamba, "unamjua."

"Namjua nani?"

"Anayenunua. Ni baba."

Keekee ikasimama. Shangazi akaichomoa, akaipangusa na kuiweka chini.

"Mama," alimgeukia bibi, "mnunuzi ni mdogo wangu, baba wa mtoto huyu. Sikuwa na habari mpaka dakika hii. Siwezi kuendelea."

Bibi akashangaa. "Mbona wewe ni mtu wa haki? Endelea tu, mwanangu."

"Hata nikisema kweli tupu, siku utakaposikia kwamba ni mdogo wangu utaanza kujiuliza. Hutalala. Nitakuletea mwenzangu asiyetufahamu sisi wala nyinyi."

Nyumbani, baba alitupa randa juu ya meza ya kazi. "Dada, nimekuomba upunguze hata senti moja? Nilitaka kukufurahisha tu!"

"Najua, na nakuamini," shangazi akamjibu. "Lakini yule mama hana sababu ya kukuamini. Kanuni yetu inasema usithamini mali ambayo wewe au ndugu yako ana maslahi nayo. Ni ngumu, na ndiyo inayonifanya niaminike."

Baba aliona machozi ya Kasuku, akaiokota randa na kuirudisha mahali pake.

Siku chache baadaye alikuja mthamini mwingine, bwana mwenye mwendo wa haraka kama anayewahi treni. Bibi aliwaalika baba, shangazi na Kasuku washuhudie. Yule bwana alianza kila kitu upya! Alipima, akachimba, akapotelea kwenye majani marefu ya ukingoni. Ghafla wakasikia akipiga kelele: "Jamani! Njooni huku!"

Wakakimbia. Chini ya majani yaliyosongana, maji safi yalikuwa yakibubujika kutoka ardhini. Chemchemi! Bibi alishika kichwa. "Marehemu mume wangu alikuwa akiitaja. Nilidhani ilikauka zamani!" Alicheka huku akifuta macho, na Kasuku akajikuta anarukaruka naye.

Bila shaka thamani ikapanda. Baba alipoambiwa bei, mabega yalimshuka. "Siwezi," alisema taratibu. "Lakini ni bei ya haki, mama. Nimeiona chemchemi kwa macho yangu."

Bibi alimtazama, kisha akamtazama Kasuku. "Nani amesema lazima liuzwe lote kwa mtu mmoja? Kikundi cha wakulima jirani kinatafuta maji ya kumwagilia. Hao wachukue huku chini. Wewe fundi, chukua kule juu kwenye miti, kwa bei aliyopima huyu bwana."

"Kule juu ndiko nilikotaka karakana!" baba akapaza sauti, akamnyanyua Kasuku kama mtoto mdogo.

Walipokuwa wakipanda kwenda kuiona sehemu yao, shangazi alimshika Kasuku mkono.

"Siku ile uliogopa?"

"Sana. Nilijua baba atakasirika."

"Na bado ukasema. Mimi niliapa mbele ya wakubwa wa kazi yetu kwamba nitakuwa mkweli hata ukweli ukinigharimu kazi. Wewe hukuapa popote, na ulikuwa na shamba zima la kupoteza. Ukisema kweli mapema, mambo hurekebishika, na kila mtu hupata haki yake. Shika hilo, kazi yoyote utakayoifanya."

Kasuku aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwachia mkono, akapanda mbio, na kutoka kule juu wakamsikia akimwita baba aje haraka achague mahali pa mlango.