Mafuta ya Nywele kwenye Dirisha la Nyuma

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Msasa alikuwa ameshamaliza masufuria ya nyumba nzima. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu chombo kikipita mikononi mwake kilirudi kinang'aa, na mara nyingine kimepungua uzito. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ndiye kiranja wa usafi darasani, na sifa zilikuwa zimeanza kumvimbisha kichwa.

Jumamosi moja alipewa kazi kubwa kuliko masufuria. Mwalimu mkuu wa shule yao alikuwa anastaafu, na shangazi yake Msasa, ambaye alikuwa muuguzi, aliombwa ampeleke kwenye sherehe ya kuagwa. Gari la shangazi lilikuwa la zamani, la viti viwili, lenye paa la turubai linalokunjwa mtu akitaka upepo. Dirisha la nyuma liliunganishwa na turubai hilo kwa zipu, nalo halikuwa la kioo. Lilikuwa la plastiki laini.

"Osha kila kitu," shangazi alisema akielekea bafuni, "ila dirisha la nyuma niachie mwenyewe."

"Kwa nini, shangazi?"

"Lina mambo yake. Wewe niachie."

Msasa alikuwa ameshayaona hayo mambo. Shangazi hulimwagia dirisha maji mengi, akalipitishia kitambaa cha pamba chenye povu, akalisuuza, basi. Kwa Msasa, huko hakukuwa kuosha, kulikuwa kubembeleza. Alipomaliza milango na magurudumu, akaona dirisha bado lina vumbi, uvumilivu ukamwisha. Akachukua sponji ya vyombo, akaigeuza upande wake mgumu, akalisugua dirisha kavukavu kwa nguvu zake zote.

Alipolimwagia maji, liling'aa. Lilipokauka, aliinama kulitazama. Plastiki yote ilikuwa imejaa michubuko, imekuwa nyeupe kama maji ya mchele. Akamwaga maji tena, michubuko ikapotea. Yakakauka, ikarudi. Hapo akapata akili, ingawa haikuwa akili njema. Kama maji yanaificha, alichohitaji ni kitu kisichokauka. Aliingia ndani, akachota mafuta ya nywele ya mama yake, akayapaka mpaka dirisha likaonekana jipya.

Shangazi alipotoka alilizunguka gari mara moja. "Dirisha hili umeligusa?"

"Nimelipangusa kidogo tu, shangazi."

Shangazi alitazama saa, akawasha gari, akaenda kumchukua mwalimu mkuu. Mawingu yalikuwa yametanda, kwa hiyo hakulikunja paa. Msasa alitembea kwenda shuleni akijiambia kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Barabara ilikuwa ya vumbi, na vumbi likikutana na mafuta halibanduki. Gari lilipoingia uwanjani, wanafunzi walipiga makofi wakimtazama mwalimu mkuu. Msasa peke yake ndiye aliyetazama nyuma ya gari. Dirisha lilikuwa limegeuka ukuta wa udongo.

Mwalimu mkuu alishuka. Shangazi alikuwa na zamu hospitalini, akaingiza gia ya kurudi nyuma. Wakati huohuo watoto wawili wa darasa la kwanza walikuwa wamechuchumaa nyuma ya gari, wanacheka nyuso zao zilivyopindapinda kwenye bampa. Vioo vya pembeni visingewaonyesha, walikuwa chini mno.

Msasa alichomoka kwenye mstari, akapiga boneti kwa viganja viwili. Gari likasimama. Akazunguka nyuma, akawavuta watoto kwa mikono.

Shangazi alishuka, akawaona watoto, akaegemea mlango. "Kosa langu," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona nyuma hakuonekani, nikasema ni vumbi la njiani tu. Ningeshuka niangalie."

Mwalimu mkuu alimshika Msasa bega, akawageukia wanafunzi. "Mnamwona mwenzenu? Leo ametuokoa na msiba. Mpigieni makofi."

Makofi yalipigwa. Msasa aliyasikia yote, na kila moja lilimchoma. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini shangazi alikuwa bado ameegemea mlango, akijilaumu kwa kosa ambalo halikuwa lake.

"Mwalimu, waambie waache," Msasa alisema. "Si vumbi tu. Nililikwaruza dirisha kwa sponji, halafu nikalipaka mafuta ili shangazi asijue. Ni mimi."

Makofi yalizimika moja moja. Hakuna aliyemkemea, na hilo lilimuumiza zaidi.

Jumatatu jioni shangazi alimpeleka kwa fundi wa maturubai. Fundi aliyatoa mafuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha akalisugua dirisha taratibu kwa dawa ya kung'arisha plastiki. Michubuko mingi ilififia. Michache ikabaki.

"Vumbi ni mchanga, mama," fundi alimwambia Msasa. "Ukilisugua kavu, unakwaruza. Limwagie maji kwanza, ndipo upitishe kitambaa laini. Na ukitaka kukunja paa, fungua zipu kwanza, laza dirisha juu ya taulo. Kukiwa na baridi, usilikunje kabisa, litapasuka."

"Na mafuta?"

"Mafuta peleka kichwani."

Msasa alicheka kidogo, kisha akamgeukia shangazi. "Umenikasirikia kwa sababu ya hii michubuko iliyobaki?"

Shangazi alipitisha kidole juu ya plastiki. "Michubuko ilinikera, sikufichi. Lakini kama ningeiona asubuhi ile, ningejua sioni vizuri nyuma. Ningeendesha kwa tahadhari, ningeshuka niangalie. Wewe ulinipa dirisha linaloonekana zima, nikaliamini. Ukiharibu kitu, mwanangu, sema. Mtu akilijua kosa atajihadhari nalo. Ukimficha, atatembea nalo mpaka liwafikie wasiohusika. Wale watoto wawili hata jina lako hawalijui."