Picha ya Tano

Hoja Namba 3: Kuzorota kwa Mwendo wa Kompyuta ya Mezani ya Ofisi ya Guangzhou, Yenye Umri wa Miaka Kumi na Mitatu, na Mapendekezo ya Kuiongezea Kasi Pasipo Kununua Nyingine.

Ndivyo makao makuu ya kampuni ya mizigo, Dar es Salaam, yalivyoliita tatizo la karani wao Sihaba. Mwenyewe aliliita uvivu. Ukibonyeza herufi, ilijitokeza kwenye skrini umeshasahau ulitaka kuandika nini. Hilo alilizoea. Asilolizoea ni kwamba kila ikifika saa sita mchana kompyuta ilinuka kutu na maboksi yaliyolowa, na ndani ya kasha lake kitu kiligonga bati mara tatu, taratibu, kama mtu aliye mbali.

Mumewe Zubeir, msimamizi wa upakiaji, alikuwa mzito vilevile. Tangu apakie kontena la nguo za soko la Shahe wiki mbili nyuma, ukimwuliza kama chai ina sukari, alijibu umeshaosha vikombe.

Alhamisi wakamwita Elinami, Mmachame anayesomea shahada ya uzamivu ya kompyuta, asiyeamini kitu kisichoonekana kwenye skrini.

"Shemeji, hapa hakuna jini. Kuna vumbi."

Akapuliza feni, akaongeza memori, akazima programu zinazojiwasha zenyewe. Mashine ikaguna tu.

"Diski imejaa," alisema mwishowe. "Mmejaza nini humu?"

"Picha za makontena. Waraka wa Dar unataka nne kwa kila moja: likiwa tupu, nusu, limejaa, limefungwa sili. Mteja auone mzigo wake."

"Hili la Shahe lina picha elfu tatu na mia mbili."

Kontena lenyewe lilikuwa bandarini Nansha, likingoja meli ya saa kumi na moja jioni ileile.

Elinami akafungua picha ya tano. Giza, marobota, na mgongo wa mtu aliyeketi. Ilipigwa dakika moja baada ya mlango kufungwa sili. Akafungua ya mia, akafungua ya elfu, na katika kila moja yule mtu alikuwa amegeuka kidogo zaidi, hadi ile ya mwisho, iliyopigwa saa sita na dakika tano mchana huohuo, ambayo mashine iliichora mstari kwa mstari kuanzia juu, kofia, paji la uso, macho, kovu la kidevuni, ikawa ni Zubeir, kinywa wazi, ngumi imeinuliwa kugonga. Na nyuma ya viti vyao Zubeir alikuwa ameketi na kijiko cha wali kimesimama njiani kuelekea mdomoni, na bati likagongwa.

"Shemeji," Elinami alinong'ona, "vitu hivi hatukufundishwa."

Sihaba akampigia ami yake Abdulhadi, Tanga, mtu wa kusomea majini, akailaza simu juu ya kasha.

"Mwulize mumeo," ami alisema. "Kabla ya kuingia kontena tupu, alipiga hodi?"

Siku zote Zubeir alipiga hodi na kusema bismillahi, wapakiaji wakamcheka. Mahali palipofungwa muda mrefu huenda pana mwenyewe. Wakangoja jibu. Feni ilizunguka.

"Dereva alikuwa na haraka," Zubeir alisema mwishowe. Kisha, baada ya kitambo kirefu: "Wakati natoka, ndani mtu akasema karibu."

Ami akashusha sauti. "Basi mwenyeji kamzuia huko. Huyo mliye naye ni kivuli tu, na hizo picha ndizo kamba inayomshika. Msifute hata moja, mwanangu. Fungueni mlango, mpige hodi, mumwombe kwa adabu."

Sihaba akampigia wakala wa meli. "Meiyou," alijibiwa: hakuna, bila fomu hafunguliwi mtu. Fomu ilikuwa na visanduku vya forodha, uharibifu na moto. Akatia alama kwenye "Mengineyo", akaandika: Mzigo umezidi kwa mtu mmoja. Wakataka barua ya makao makuu. Akaiomba Dar, akieleza yote, picha na hodi.

Jibu lilikuja saa tisa, la haraka kuliko yote katika historia ya kampuni. Makao makuu yamepokea maelezo kuhusu picha zilizozidi nne, kinyume na waraka, na yatazifuta yenyewe kutokea Dar.

Mshale ukaanza kutembea peke yake kwenye skrini.

Sihaba akaikamata mausi, akabonyeza "Ghairi", akabonyeza tena na tena, Elinami kishapiga magoti chini ya meza akitafuta plagi katikati ya nyaya za miaka kumi na mitatu, na picha zikawa elfu mbili, zikawa elfu, zikawa mia tatu, na kadiri zilivyopungua mashine ilizidi kuwa nyepesi, harufu ya kutu ikajaa chumba, bati likagongwa sasa kwa ngumi mbili pasipo kupumzika, hadi ile "Ghairi" ya kwanza ilipofika hatimaye, kwa uvivu wake uleule, ikakuta hakuna cha kughairi.

"Sihaba!" Zubeir aliita nyuma yake, haraka, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili. "Nifungulie!"

Kijiko kikaanguka sakafuni. Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Taarifa ya makao makuu ilisema: Hoja Namba 3 imefungwa. Kompyuta sasa inawaka kwa sekunde tisa. Ofisi inakumbushwa kuwa msimamizi wa upakiaji hakusaini kuondoka siku ya Alhamisi.

Kilichotokea ni hiki: kontena liliondoka Nansha saa kumi na moja jioni, sili yake nzima, na Zubeir alikuwa ndani.