Paka Wagonjwa wa Karakana

Fundi wa kuchomelea vyuma alifika karakanani mapema, kama kawaida yake. Alikuwa na geti la kumalizia. Alitoa mashine nje, akavaa miwani ya kazi. Kabla hajawasha moto, alisikia vilio vyembamba kutoka mtaroni.

Alikwenda kuchungulia. Kulikuwa na gunia, nalo lilikuwa likisogea. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa waya.

Alikata waya kwa koleo. Ndani walikuwamo watoto wanne wa paka, wamelowa chapachapa, wamejaa kinyesi chao wenyewe.

"Nani kafanya hivi?" fundi alifoka barabarani. "Tena kwa waya! Uliogopa watakuja kukudai nini?"

Muuza mitumba wa jirani alicheka. "Tulia, fundi. Ni paka tu hao."

"Paka tu? Wewe ukifungwa kwenye gunia, nitasema ni mtu tu?"

Geti halikuisha siku hiyo. Fundi aliwatia paka kwenye boksi, akaenda nao nyumbani.

Mke wake alikuwa msusi. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa saluni yake.

"Baba Chiriku, paka na nywele za watu wapi na wapi?" aliuliza. Kisha akaona mbavu zao, akasogeza viti kuwapisha.

Chiriku ni jina walilompa binti yao kwa sababu mdomo wake haupumziki. Alichagua paka mdogo mweusi, akamwita Masizi.

Bibi, mama yake fundi, alijua la kufanya. "Wana njaa hao. Leteni maziwa."

Paka walikunywa maziwa ya ng'ombe mpaka sahani ikang'aa. Kesho yake walianza kuhara. Kinyesi kilikuwa maji matupu. Bibi aliona wanadhoofika, akawaongezea maziwa. Wakazidi kuhara. Wiki ikapita. Saluni ilinuka, na mteja mmoja aliondoka amesukwa nusu kichwa.

Msusi akaenda duka la dawa. Muuzaji hakuuliza umri wa paka wala uzito wao. Alimpa vidonge vya watu vya kuzuia kuhara.

"Hivi si vya watu?" msusi aliuliza.

"Tumbo ni tumbo, mama. Vunja nusu, wape."

Walianza na Masizi, kwa sababu ndiye aliyekuwa hoi zaidi. Baada ya kidonge alitapika, akalegea. Asubuhi Chiriku alimkuta amekufa.

Mtoto yule wa maneno mengi hakusema hata neno moja. Fundi alimtazama binti yake, kisha akabeba boksi, akamgeukia Bibi. "Mama, twende. Anatafutwa daktari wa mifugo leo hii."

Daktari alikuwa mwanamke asiyezunguka maneno. Alivuta ngozi ya shingo ya paka mmoja, akaiachia. Ngozi ilichelewa kurudi.

"Umeona? Maji yamemwishia mwilini. Paka mdogo anayehara hufa haraka kwa kukauka. Hafai kusubiriwa wiki." Aliwachoma sindano ya maji chini ya ngozi. "Mnawalisha nini?"

"Maziwa," alisema Bibi. "Paka si hunywa maziwa? Tangu nizaliwe naona."

"Wanayapenda, mama, lakini matumbo ya wengi hayawezi kuyasaga. Yanawaharisha."

Bibi alishika shavu. "Kumbe nilikuwa nawaumiza."

"Hukuambiwa. Sasa umejua."

Fundi akatoa pakiti ya vidonge. Daktari aliisoma, akaibwaga mezani.

"Aliyewauzia hakuona aibu? Dawa ya mtu inaweza kumuua paka! Hata kidonge cha kawaida cha kuumwa kichwa kinaua. Usimpe paka dawa yoyote bila kumwona daktari wa mifugo."

Kisha akachukua kinyesi kibichi, akakitazama kwa darubini. "Kuhara kuna sababu nyingi. Siwezi kukisia, lazima nione. Hawa wana minyoo, na wana vijidudu vingine vya tumboni."

Aliwapima mmoja mmoja, akatoa dawa kulingana na uzito. Paka walikuwa na meno tayari, kwa hiyo akashauri chakula laini cha paka wachanga, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Maji safi yawepo muda wote. Walale mahali penye joto.

Wakati wa kurudi, fundi alipitia duka la dawa. Lilikuwa na wateja.

"Kidonge chako kimeua," alisema.

"Aa, fundi! Kwa ajili ya paka?"

"Ungeuliza swali moja tu! Umri wake, uzito wake, chochote! Unauza dawa au unauza karanga?"

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alitazama pakiti mkononi mwake. "Na mimi hukuniuliza umri wa mwanangu," alisema polepole. Aliirudisha kaunta. "Naenda zahanati."

Nyumbani paka walianza kupata nguvu. Walirukia vitana, wakavuruga nyuzi za kusukia. Msusi akasema, "Wamepona hawa," akaacha kuwapa dawa.

Kuhara kukarudi.

Fundi alirudi kwa daktari pamoja na mkewe, huku amefura. "Dawa yako haifanyi kazi!"

"Mlimaliza dozi?"

Fundi alimtazama mkewe. Msusi akatazama sakafu.

"Na wanajisaidia wapi?"

"Kwenye boksi la mchanga," alijibu msusi. "Tunakung'uta likijaa."

"Likijaa!" Sasa daktari ndiye aliyefura. "Mnawatibu asubuhi, mnawaambukiza tena jioni! Vijidudu hutoka na kinyesi. Paka anakikanyaga, anajilamba miguu, vinarudi tumboni. Mtahangaika hivyo mpaka lini?"

"Tufanyeje basi?" fundi aliuliza, sauti imeshuka.

"Tupeni boksi. Tafuteni beseni la plastiki. Zoeni kinyesi kila mnapokiona. Kila siku mwageni mchanga, beseni lioshwe, limwagiwe maji yanayochemka, likauke kabisa. Fueni matambara yao. Dawa wapewe wote, hata anayeonekana mzima, mpaka iishe. Na nyinyi mnawe mikono kwa sabuni, maana vijidudu vingine huingia kwa watu. Mkimaliza, nileteeni kinyesi tena. Mkiona damu, au mmoja amegoma kula, msingoje."

Safari hii hawakukatisha. Bibi alichemsha maji. Msusi alishika zamu ya dawa. Chiriku alisimamia mikono ya kila mtu, na wateja pia hawakusalimika.

"Shangazi, sabuni!" alimwambia mmoja mlangoni. "Hujagusa sabuni wewe!"

Siku moja alipiga kelele, "Njooni! Njooni muone!"

Wote walikimbia, na mteja na taulo lake kichwani. Ndani ya beseni kulikuwa na kinyesi kigumu, kizuri, cha paka mzima. Bibi alipiga makofi. Mteja aliuliza wanashangilia nini, alipoambiwa akacheka mpaka akaketi chini.

Fundi na Chiriku walikipeleka kwa daktari kwenye kikopo safi. Daktari aliinamia darubini kwa muda mrefu.

"Safi," alisema. "Hakuna kitu. Wamepona."

Fundi alifungua kinywa, lakini hakuwa na wa kumfokea. Alifuta macho kwa mkono wa shati.

"Moshi wa kuchomelea huu," alisema.

"Hapa hakuna moshi, Baba," alisema Chiriku, akamshika mkono.